Dereva wa bosi hajui kwenda mdogo mdogo

Maswali ya wasomaji kuhusu matembezi, anajibu Anti

SWALI: Shikamoo anti. Mi naishi Kisasa hapa Dodoma, mume wangu ni dereva wa ofisi moja ya serikali, anaendesha V8 la bosi, wiki nzima yuko Dar mara Mbeya mara Arusha na mwendo wa yale magari unaujua mwenyewe. Sasa tumenunua ka-IST ketu na Nanenane hii hana zamu, watoto wanaenda kwa bibi yao Mpwapwa, nikamwambia baba nanii tutoke basi siku moja mi na we tu, twende mdogo mdogo tuangalie mashamba, tusimame pale tunapojisikia, tule huko huko jioni turudi. Kakubali. Ila mi namjua, akishashika usukani ni kama kuna kikao anawahi, ukimwambia baba simama pale ninunue ubuyu anakuambia tutanunua mbele, na mbele ndo hakufikiki. Halafu tumegombana pa kwenda, mi nataka Kolo nikaone ile michoro ya kwenye mawe nimeisikia tangu niko shule, ye anataka Mtera akale samaki. Tuende wapi anti, na nifanyeje apunguze mwendo? Mke wa dereva, Kisasa.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa gari. Nimecheka mwenyewe hapa ofisini maana ndugu zangu wawili ni madereva wa hizo hizo V8 na hakuna hata mmoja anayeweza kwenda Chamwino bila kuoveteki malori kumi.

Nenda Kolo. Na sikuambii hivyo kwa sababu Mtera ni pabaya, Mtera ni pazuri sana, nitarudi hapo baadaye. Nakuambia Kolo kwa sababu ya huyo mumeo. Mtera mkifika mtaona maji, mtakula samaki, baada ya nusu saa atakuwa ameshanawa mikono anachezea ufunguo, halafu atakuambia "si tumeshafika nusu, tumalizie Iringa tu", na kweli pale ni kama nusu ya zile kilomita 260 za kwenda Iringa, utajikuta unakunywa chai Iringa saa kumi jioni na kurudi ni usiku. Kolo hakuna namna ya kukimbia. Unafika kijijini, ofisi ya mambo ya kale iko hapo hapo pembeni ya barabara kuu, unaandika jina kwenye kitabu, unalipia, unapewa mtu wa kuwaongoza, na kuanzia hapo mwendo ni wa yule mwongozaji, siyo wa mumeo. Gari lenyewe linabaki chini na mlima unapandwa kwa miguu. Hata kama angekuwa anamwendesha rais, atapanda kwa miguu.

Na kuna sababu nyingine ya maana kwa siku hiyo. Nanenane watu wote wanaelekea viwanja vya Nzuguni, kwa hiyo njia ya Morogoro itakuwa ni foleni ya Noah, bodaboda na malori yaliyobeba ng'ombe wa maonyesho. Nyie mnatokea upande wa pili, Mipango, Miyuji, Msalato, mnashika njia ya Arusha, na mkishapita Makutupora mji umeisha.

Sasa sikia jinsi ya kumsimamisha. Dereva wa bosi hasimami kwa sababu kaambiwa simama, anasimama kwa sababu ipo kwenye ratiba, ndo walivyofundishwa. Kwa hiyo usimwambie njiani, mwambie jana yake usiku, na mwambie kwa majina ya vituo: Veyula au Makutupora zabibu, Kondoa chai, Kolo michoro, Kondoa tena chakula cha mchana, nyumbani kabla ya giza. Yeye atapanga saa mwenyewe na atajisikia ndo kapanga safari yote, we muache ajisikie hivyo.

Hapo kwenye zabibu usipite haraka. Dodoma mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, kuna mavuno ya Februari na Machi halafu haya ya Agosti na Septemba, kwa hiyo Nanenane mnaingia nayo. Ukisimama mapema asubuhi unawakuta wamama wanakata vikonyo kwa mkasi mdogo na kushusha ndoo kivulini, na zabibu ikiwa imekatwa muda huo huo bado ina ule ungaunga mweupe juu ya ganda, ukiigusa unaacha alama ya kidole. Ule unga ni wa zabibu yenyewe, siyo dawa, ila dawa nazo wanapiga kwa hiyo beba chupa ya maji ya kuoshea. Nunueni kidogo ya kula garini, ya kupeleka nyumbani mtanunua jioni mkirudi, ukiiweka kwenye buti tangu asubuhi itafika sharubati. Na wasalimie wazee wa pale kwa Kigogo "mbukwenyi" kwanza kabla hujauliza bei, utaona sura zinavyobadilika, na bei pia.

Barabara ni lami mwanzo mwisho, ile ya Dodoma mpaka Babati kilomita 251 iliyozinduliwa mwaka 2018. Vijana hawaelewi tunavyoifurahia, zamani mtu akitaka Arusha toka hapa alikuwa anazunguka Singida au anarudi mpaka Chalinze, kwa sababu hiyo njia ya Kondoa mvua ikinyesha ilikuwa ni ya kulala porini. Mwambie na mumeo kwamba iko kwenye ile njia kuu ya kutoka Cape Town mpaka Cairo, madereva wanapenda sana kusikia mambo kama hayo, anaweza hata kupunguza mwendo ili aiangalie vizuri.

Asipopunguza kwa hilo atapunguzwa na tochi ya trafiki, ile ya kupimia mwendo. Vijiji kwenye ile njia ni vingi na kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wanajua kukaa pale ambapo lami inateremka vizuri na mti una kivuli. Akiwa na V8 la bosi amezoea kupigiwa saluti, sasa akiwa na IST atasimamishwa kama sisi wengine na faini ni elfu 30 kwa kosa, hiyo ni hela ya chakula chenu cha mchana na soda zake. Wala usimnunie akisimamishwa, nyamaza kimya tu, angalia dirishani.

Mkishapita Mayamaya mnaingia kwenye nchi ya vichaka vikavu na mibuyu isiyo na jani hata moja, Agosti ndo inakuwa hivyo, na upepo wa Agosti mnaujua, mtaona vumbi linasimama wima katikati ya shamba linazunguka linakwenda zake. Wengine wanasema kiangazi Dodoma haina cha kuangalia. Mi nawabishia siku zote, mbuyu ukiwa na majani ni mti tu kama mti mwingine, uuone ukiwa mtupu ndo unaona ulivyo, na kipindi hicho ndo mabuyu yananing'inia yameiva, watoto wanayauza barabarani kwenye vifuko na kwenye sado. Nunueni, lakini kuna kitu kimoja msinunue: mkaa. Utaona magunia yamepangwa bei ya kutupa na mumeo atasema tubebe mawili ya nyumbani, mwambie hapana, kuna mageti ya maliasili na kibali hamna, siku nzima itaishia hapo mnajieleza.

Ukikaribia Kondoa angalia vilima na makorongo. Udongo mwekundu ulikatika pale vibaya sana, mifugo ilikuwa mingi na miti ilikwisha, makorongo mengine unaweza kuficha nyumba. Serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, wakapanda miti na kuchimba makinga maji, ikaonekana haitoshi, mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi na punda wote wakaamriwa watoke kwenye lile eneo lililoharibika. Waulize wazee wa Kirangi watakuambia uchungu wake, mtu kuondoshewa ng'ombe siyo jambo dogo. Lakini angalia miti ilivyorudi kwenye miteremko ile. Mi kila nikipita pale nabishana na nafsi yangu kama ilikuwa sawa au siyo sawa, na sijamaliza.

Kondoa mjini ni kama kilomita 160 toka Dodoma, mkitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kusimama kwenye zabibu saa tatu na nusu mnakunywa chai hapo. Beba sweta, asubuhi za Agosti ni baridi kweli, watu wanadhani Dodoma ni joto mwaka mzima. Na wewe beba khanga, Kondoa ni mji wa Waislamu wengi, siyo kwamba utakatazwa kitu, ni heshima tu, na kupanda mlima na khanga kiunoni ni rahisi kuliko hiyo sketi niliyokwisha kuona kwenye picha yako ya wosapu.

Toka hapo Kolo ni kama nusu saa. Hakikisha simu ina hela kwa sababu malipo ya serikali siku hizi ni kontrol namba, na mtandao ukiamua kulala unalala, vaa subira. Hapa ndo pa kuambiana ukweli kuhusu IST. Mpaka ofisini inafika bila neno. Kuanzia ofisini kwenda Mongomi wa Kolo, ambayo ndo michoro inayotembelewa zaidi, ni njia ya vumbi kilomita kadhaa, mnakatisha mto wa mchanga uliokauka, na mchanga wa vile ukinasa IST mume wako atajua kwamba udereva wa V8 na huu ni vitu viwili. Muulizeni mwongozaji njia iko vipi wiki hiyo, akisema gari liache, liacheni ofisini mchukue bodaboda pale kijijini, mbili, kila mtu na ya kwake, na mwambie dereva wako aende polepole uone mumeo anavyohangaika kuwa abiria.

Juu huko mwanangu ndo siku yenyewe. Mawe yamejitokeza kwenye ngazi ya Bonde la Ufa yakafanya vibaraza, na ukigeuka mgongo unaona nyika ya Umasaini imelala chini mpaka macho yanachoka. Kwenye kuta kuna twiga, kuna pofu, kuna tembo, na kuna watu. Watu ndo waangalie kwa makini. Ni wembamba, warefu, wamechorwa kwa rangi nyekundu na mistari myembamba sana, na vichwa vyao ni vikubwa kama wamefunga vilemba. Kuna mchoro mmoja una watu kadhaa wanaonekana kama wanamvuta mwanamke mikono kila upande. Mary Leakey, yule mtafiti aliyekaa Kondoa mwaka 1951 kunakili hii michoro, aliona ni mwanamke anatekwa. Wengine waliokuja baadaye wanasema siyo kutekwa, ni ngoma ya tiba watu wamepagawa, wamemshika mwenzao asianguke. Kaeni hapo mbishane, mi najua wewe utasema moja na yeye atasema lingine, na mtakuwa mmebishana kitu kingine tofauti na Mtera na Kolo kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Ile nyeupe nyeupe iliyopakwa juu ya nyekundu ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Nyekundu ni ya wawindaji wa zamani zaidi, na Wasandawe na Wahadzabe ndo wanaohesabiwa kuwa karibu na watu wale. UNESCO waliiweka michoro ya Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, vibaraza vyenye michoro ni zaidi ya 150 kwenye eneo lote, nyie mtaona vichache na vinatosha. Msiguse. Na kuna watu wana tabia ya kumwagia maji ili rangi itoke vizuri kwenye simu, hiyo ndo inaiua kabisa, mtu akifanya mbele yenu mwambieni. Mongomi pia ni mahali pa matambiko mpaka leo, wenyeji wanakwenda kuomba mvua na kuomba afya, ukikuta kitu kimeachwa kwenye jiwe usichokonoe.

Saa nane muwe mmeshuka, mkale Kondoa wali na nyama, saa tisa na nusu muwe barabarani. Msichelewe zaidi ya hapo. Saa kumi na mbili na nusu jua linazama, saa moja giza limeshika, na ile barabara usiku ina punda, ina ng'ombe, ina baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika yamewekewa matawi ya miti. Hapo sasa kama atakimbia kidogo sehemu isiyo na kibao, mi sikusikia.

Kuhusu Mtera, mpe ahadi ya Desemba. Samaki watakuwepo, perege wa kukaanga hapo hapo barabarani wanakuja na moto wao, bwawa ni lile la Ruaha Mkuu linalotoa megawati 80, barabara inapita juu ya tuta lenyewe. Mwambie tu kwenye tuta asitoe simu kupiga picha kabla hajawauliza walinzi. Na siku hiyo ufunguo ukae na wewe.

SWALI: Anti mambo, mi kijana wa Nkuhungu, mchumba wangu anakuja toka Dar na treni ya SGR atakaa siku mbili tu, gari sina ila nina pikipiki, na hela siyo nyingi. Anataka kuona mashamba ya zabibu apige picha. Nimpeleke wapi tusimalize siku nzima?

JIBU: Poa mwanangu. Mpeleke Mpunguzi na Bihawana kwa njia ya Iringa, au Hombolo. Kama mnapenda maji basi Hombolo, kuna bwawa na mashamba yako huko huko. Ila shamba ni la mtu, usiingie tu na simu mkononi, tafuta mwenye shamba au mlinzi, mwambie nina mgeni, nunua kilo mbili tatu, utaona mwenyewe atakuambia pitia huku kuna mistari imeshiba. Agosti na Septemba ndo zabibu zipo, Juni ukimpeleka atapiga picha majani.

Bwawani msiogee wala msitumbukize miguu hata kama mnaona watoto wanaogelea, maji yale ya kutuama ndo nyumba ya konokono wa kichocho na Dar atarudi na ugonjwa siyo picha. Helmeti mbili, siyo moja. Na mfundishe kula mlenda na ugali wa uwele kabla hujampeleka kwa mama, aone kama anaweza, mapema.

SWALI: Mimi na mzee mwenzangu tumestaafu ualimu, tuna gari la zamani bado linatembea vizuri. Yeye alikuwa akifundisha historia na kila siku anaongelea karanga za Kongwa. Je, panafaa kwa siku moja kwa watu wa umri wetu, au tutakuta pori tu?

JIBU: Shikamooni walimu wangu. Panafaa sana, na kwenu nyie pengine kuliko Kolo kwa sababu hakuna mlima wa kupanda. Mnashika njia ya Morogoro mpaka Mbande, hapo mnakata kulia kuingia Kongwa, lami ipo. Msiende siku ya Nanenane yenyewe kwa ile sababu ya Nzuguni, subirini wiki ipite.

Nikiwa mkweli kwa walimu, mtaona pori na malisho. Lakini ndo hiyo historia yenyewe. Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia walikosa mafuta ya kupikia, wakaja mwaka 1947 na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika, na Kongwa ndo wakaanzia. Walileta matrekta na mitambo iliyobaki vitani. Mibuyu ikawagomea, nyuki wakawatoa mbio, kiangazi kikaja ardhi ikawa ngumu hata karanga iliyokuwa imezaa haing'oki. Mwaka 1951 wakafunga mafaili na paundi milioni 36 zimekwisha. Mwalimu akisimama pale pembeni ya barabara mwezi wa nane, achukue jiti tu ajaribu kuchimba, hatahitaji maelezo mengine. Mtu yeyote wa Kigogo angewaambia bure kwamba pale ni pa ng'ombe na mtama, na ndo ilivyoishia, ikawa ranchi ya ng'ombe mpaka leo.

Halafu mwambie na ile sehemu ya pili ambayo watu wanaisahau. Miaka ya 60 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, wote walikaa pale, Samora Machel mwenyewe alikuwa pale kabla dunia haijamjua. Wapo wazee Kongwa wanaokumbuka, nyie kaeni kwenye kahawa pale mjini na mjitambulishe kwamba ni walimu wastaafu, mtaletewa viti.

Mkitoka mmalizie Kibaigwa kwenye lile soko la mahindi, magari yanapakia mchana kutwa, kuna mahali pa kula, ila mzee aegeshe mbali na malori. Pembe tatu, jeki, mtungi wa moto na tairi la akiba vikaguliwe nyumbani, siyo mbele ya trafiki. Kama tairi la akiba ni la tangu mlipostaafu, badilisheni.

SWALI: Anti, mi na mke wangu tunataka kwenda kuona flamingo ziwa Singidani na kurudi Dodoma siku hiyo hiyo tena polepole. Inawezekana?

JIBU: Kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, polepole pia inawezekana, vyote viwili kwa pamoja hapana. Ni kilomita kama 240 kwenda tu. Laleni Singida, asubuhi muende ziwani na Kindai liko karibu hapo hapo, mrudi siku ya pili na kuku wa kienyeji wawili kwenye tenga. Uniambie na bei yao wameipandisha mpaka wapi.